Nilisema ni Vidole Vyake

Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, kwa hiyo nikisema mimi ni mhandisi wa programu za simu, naomba msicheke kwa nguvu. Nilijifunza kwa video. Na video zenyewe nilizitazama nusu, kama nilivyosoma.

Programu yangu ya kwanza nilimtengenezea fundi cherehani wa hapa Nyamirambo, mama mmoja mwenye duka na wanawake watatu aliowafundisha kazi mwenyewe. Alitaka kitu kidogo: vipimo vya kila mteja viwe ndani ya telefoni yake, pamoja na picha ya kitambaa. Mimi nilikuwa na zana mpya niliyoipenda kama mchumba. Unaandika mara moja, programu inafanya kazi kwenye simu za aina zote mbili, zile za matajiri na hizi zetu. Wenzangu waliosema programu iliyoandikwa kwa lugha ya simu yenyewe ndiyo nyepesi, niliwaita wazee.

Kwenye telefoni yangu, niliyonunua nzuri ili nifanane na mhandisi, iliteleza kama sabuni. Ya mama ilikuwa ya bei rahisi, imejaa picha. Akifungua programu, anatia uzi kwenye sindano, anafunga fundo, ndio orodha inatokea. Anabonyeza jina la mteja, kimya. Anabonyeza tena. Halafu wanafunguka wateja watatu kwa mpigo.

Akaniita. Wale wanawake wakasimamisha cherehani, wananitazama.

"Mwanangu, hii kitu iko inanikataa."

Nikaishika, nikabonyeza, na mimi ikanikataa. Nikageukia ukuta wasione kioo cha simu. Nikasema, "Mama, ni vidole vyako. Chaki na sindano zimevikausha, simu haivisikii."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulitoka laini mpaka na mimi nikauamini kidogo.

Mmoja wa wale wanawake akacheka. "Mama amezeeka, hata telefoni inamkimbia."

"Nyamaza ushone," akamjibu. Lakini alikuwa anaangalia vidole vyake, kimoja kimoja.

Nilipopita tena, nikamkuta anapaka vazelini kabla ya kushika telefoni. Wiki hiyo hiyo akashika kanzu nyeupe ya bwana harusi, mkono bado una mafuta. Madoa matatu begani. Akaifua, hayakutoka. Akashona nyingine kwa kitambaa chake mwenyewe, bila malipo, na mwenye kanzu akatangaza mtaani kwamba yule mama mikono imechoka. Tangu hapo kila kitambaa cheupe kikiingia, wale wanawake wanamnyang'anya kwa upole: "Lete mama, nitamalizia mimi." Yeye wanamwachia vifungo.

Niliona hayo yote. Nikanywa chai yao, nikaondoka.

Nilimpelekea programu dada mmoja wa mtaa wa Ndera, mhandisi ambaye huandika kwa lugha ya simu yenyewe tu. Akaiandika upya ile orodha, akaiweka kwenye simu ya bei rahisi kama ya mama. Ukigusa, imefunguka. Nikafurahi kweli, nimepata cha kulaumu.

"Kumbe ni zana," nikasema.

"Yangu ni nyepesi, sikatai. Lakini usisingizie zana." Alikuwa anapitia kazi yangu. "Umepakia picha za wateja wote mara moja, kubwa vilevile. Ungeleta zile zinazoonekana tu, hata ya kwako ingeenda. Ingechelewa kidogo, mama asingejua. Uliijaribu kwenye telefoni gani?"

"Yangu."

"Ahaa," akasema. Afadhali angenitukana.

Tulitengeneza. Nikarudi dukani na mpango wangu: naweka mpya kimya kimya, nasema vidole vimepona. Nikaweka. Mama akavuta kopo la vazelini.

"Acha mama, haihitaji," nikasema chinichini. "Haikuwa vidole. Ni mimi niliandika vibaya, na siku ile ile nilijua si vidole."

Akalirudisha kopo mezani. "Ile ya vidole ulisema kwa sauti. Na hii sema kwa sauti."

Mimi ambaye msibani nafanya watu wacheke, nilitafuta kichekesho, sikukipata. Nikasema. Cherehani zikanyamaza moja moja, nikalazimika kurudia kwa yule wa mwisho ambaye hakusikia.

Aliyecheka siku ile aliinuka, akachukua kanzu nyeupe aliyokuwa anashona, akaiweka mbele ya mama. Mama akafuta mikono kwa khanga, akaigeuza ndani nje, akaukagua mshono wa kola, akaanza kuufumua.

"Hapa ulikuwa na haraka," akamwambia.

Nikaaga. Hakuna aliyeitika.