Brashi Zilizooshwa Koboko

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi kuliko majibu yangu yote: je, ni mimi niliyeharibu? Nililigeuza upande huu na upande ule kama chapati. Labda ni joto. Labda boda boda iliyobeba sanduku kutoka Koboko ilirushwa sana na mashimo. Labda ni mikono yangu. Nimesomea kazi ya maabara miaka minne, na katika miaka hiyo jambo nililolimudu kuliko yote ni kuogopa mapema.

Kazi yetu ilikuwa hii. Saratani ya mlango wa kizazi huanza na kirusi ambacho mwanamke anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote. Kikionekana mapema, muuguzi huchoma sehemu iliyoanza kubadilika kwa kifaa kidogo cha joto kinachotumia betri. Ni kazi ya dakika chache, na mwanamke anarudi nyumbani kwa miguu yake. Zamani, kuutafuta ugonjwa huo kulihitaji chumba, kitanda na mtu mwingine wa kukuangalia. Sasa mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi laini yenye mpini mrefu, mahali pake pa faragha, na mashine ya aina ileile inayopima kifua kikuu inasoma jibu hapa hapa Arua. Siku niliyoiona mashine hiyo ikifanya kazi katika maabara yetu, hapa mtaani Mvara, nilijivuna kana kwamba nimeiunda mimi.

Nilikuwa na sababu. Dada mkubwa wa baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Aligunduliwa wakati hata kuketi kulikuwa kumemshinda, na mashine ya mionzi ilikuwa ng'ambo ya Nile, mbali kuliko nguvu alizobaki nazo. Kwa hiyo mradi ulipotafuta mahali pa kujaribu brashi hizo nje ya Arua, nilipendekeza kijiji cha baba, nje kidogo ya mji wa Koboko. Shangazi yangu aliyebaki, mdogo wa yule marehemu, alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake. Walikuja Waislamu na Wakristo, wake wenza walioongozana, wengine moja kwa moja kutoka shambani. Jirani yake, mjane wa askari, aliwapanga kama gwaride.

"Wewe wa nyuma, simama vizuri," alisema. "Hapa si soko."

Waliingia mmoja mmoja katika bafu la nyasi nyuma ya nyumba, kila mmoja na karatasi ya picha za maelekezo, na kutoka na brashi zao. Mimi nilisimama mbele, nimewapa mgongo kwa heshima, nikizipokea na kuzitia katika vichupa vya dawa ya kuhifadhia. Nilirudi Arua nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mtihani.

Halafu mashine ikasema: batili. Ya pili, batili. Karibu zote zikawa hivyo. Batili haimaanishi kwamba mwanamke ni mzima, wala kwamba ni mgonjwa. Maana yake ni kwamba mashine haikukuta seli za mwanadamu za kutosha, kana kwamba brashi haikumgusa mtu.

Daktari anayeongoza utafiti, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti hata akikasirika, alizisoma karatasi za majibu mara mbili.

"Pengine wanawake wa kule hawawezi kujichukulia," alisema. "Tutaacha kuwapa brashi. Waje hospitali, muuguzi awachukulie. Tutaamua Ijumaa."

Nilijua hawatakwenda. Shangazi alikwisha kuniambia kwamba hawezi kulala juu ya kile kitanda mbele ya muuguzi ambaye ni mtoto wa wakwe zake, na nusu ya kijiji ni wakwe zake. Brashi zikiondolewa, angengoja mpaka maumivu yaje, kama dada yake.

Alhamisi nilikwenda Koboko. Nilimkuta anamenya mihogo, na yule mjane yuko kando yake akichambua maharagwe.

"Shangazi, ile siku ya brashi ulifanya namna gani?"

"Nilifanya kama ulisema."

"Nieleze yote, tangu ulipoingia bafuni."

"Huyu mtoto. Umesoma mpaka chuo kikuu, sasa unakuja kuuliza shangazi yako maneno ya bafu?"

"Mwambie tu," mjane alisema. "Pengine huko kwa chuo bafu haiko."

Shangazi aliweka kisu chini. "Niliingiza, nikazungusha, nikahesabu kama ile karatasi inaonyesha. Kisha nikaosha vizuri na sabuni, nikapangusa, nikaleta kwako."

"Ukaosha nini?"

"Brashi. Sasa nitapeana kitu chafu kwa mikono ya mtoto ya ndugu yangu?"

"Sisi yote tuliosha," mjane aliongeza, na kwa sauti yake nilisikia kwamba alikuwa akingoja sifa. "Jerikeni ya maji na sabuni ni mimi niliweka ndani. Mutu wa kwanza alitaka kutoka hivyo hivyo, mimi nikamrudisha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko. Katika kijiji kile hakuna anayerudisha sufuria ya jirani bila kuiosha, hata kama jirani mwenyewe aliileta na masizi. Wanawake hawa hawakushindwa kitu. Walifuata kila hatua ya karatasi, kisha wakaongeza adabu yao.

Ningeweza kuilaumu karatasi, maana ilichorwa mbali na haikuwa na picha yoyote ya kukataza maji. Lakini katika daftari langu la mafunzo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na sentensi: waambie brashi isioshwe, ije na ute wake. Sikuisema. Mbele yangu walikaa wanawake walioniogesha nikiwa mchanga, na mdomo wangu ulikataa kutamka maneno ya ute wa mwili mbele yao. Nilisema tu, "Mkimaliza, leteni."

Njia yote ya kurudi Arua niliwaza. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Nikinyamaza, ripoti ingesema wanawake wa Koboko hawakuweza, na hakuna ambaye angeniuliza. Nikisema, daktari angeona kwamba alimwajiri mtu anayeshindwa na sentensi moja. Niliandaa maelezo ya namna tatu, na katika mawili kati ya hayo nilikuwa sina kosa.

Ijumaa nilinyoosha mkono kabla kikao hakijafika kwenye jambo letu, nikatumia lile la tatu.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini hukuisema hiyo sentensi?"

"Niliona haya, dokta."

"Na ukirudi, hutaona?"

"Nitaona. Lakini nitasema."

Alinirudishia karatasi za majibu. "Andika hivyo kwenye ripoti, kwamba maelezo yalikuwa na upungufu, si wanawake. Halafu chukua sanduku jingine."

Nilirudi Koboko Jumatatu. Nilidhani baada ya kusumbuliwa mara moja wangekuja wachache, na nilikuwa nimejiandaa kuwaelewa. Walikuja wote, na wawili zaidi kutoka kijiji cha pili. Sijawahi kujivunia watu wangu kama asubuhi ile. Wiki mbili baadaye mashine ilikuja kuzisoma brashi zao zote bila batili hata moja. Ilimkuta shangazi na kirusi, na muuguzi wa kituo cha afya, asiye mtoto wa wakwe, alimchoma kwa kile kifaa kidogo. Naye alilalamikia foleni kuliko maumivu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hayo. Nilichokuwa nacho ni sanduku, na wanawake walioketi juu ya mikeka wakiningoja nianze.

"Mama zangu," nilisema. "Mara ya kwanza nyinyi hamkukosea. Ni mimi nilikosea. Kuna neno sikusema, kwa sababu niliona haya."

"Neno gani hiyo?" mjane aliuliza. "Sema, sisi yote tumezaa hapa."

Wakacheka, nami nikayatoa maneno yote, moja baada ya jingine, bila kuinamisha macho: kwamba brashi ikitoka ndani ya mwili isioshwe na isipanguswe, kwamba ule ute unaoshika nywele zake ndio wenye jibu, na kwamba wanipe hivyo hivyo, nami nitaupokea kwa mikono yangu.