Kilo Sitini kwenye Mizani ya Rietkolk

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, barabara haina kitu. Hakuna lori juu ya mizani ya Rietkolk, hakuna mtu, hakuna hata kondoo aliyepotea. Bamba refu la chuma lina umande tu. Lakini ndani ya kibanda, kioo cha mizani kinasoma 60.

Evaline Jaftha anavua glavu, anakitazama kioo, kisha anainamia dirisha. "Umeamkaje, Mwalimu," anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepishana na jirani getini. Anasubiri kidogo. Halafu anabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, na lori la kwanza la siku, lililobeba chumvi, linapanda.

Mizani ya malori huhesabu kwa kilo ishirini ishirini. Uzito wa umande haufiki hapo, wala wa paka. Fundi wa vipimo amekuja mara mbili na vyuma vyake vya kupimia, akaandika kwamba mizani haina kosa lolote, akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Evaline ana miaka sitini na tatu. Amekaa kwenye kibanda hiki, katikati ya ukame wa Karoo, kwa miaka thelathini na mmoja. Zimebaki siku kumi na moja astaafu.

"Kila kitu kinachopita hapa nimekipima," anasema. "Makaa, ng'ombe, majeneza. Dereva anaweza kunidanganya, kilo hainidanganyi."

Nyumbani kwao walizaliwa tisa katika vyumba viwili. "Ukitaka kulia, unasubiri zamu yako ya choo," anasema, na anacheka mwenyewe. Aliolewa akiwa na miaka ishirini, akalea watoto wawili wa kaka yake. Mumewe alipofariki, alibaki akimuuguza mama mkwe kitandani kwa miaka saba. Bibi huyo alizikwa mwaka jana mwezi wa tano.

Usiku wa baada ya mazishi ndio ulikuwa wa kwanza maishani mwake kuwa katika nyumba isiyo na mtu mwingine. Jamaa walimhurumia. Yeye hakuwaambia kwamba alikuwa amekaa jikoni mpaka alfajiri akifurahia ukimya, na kwamba aliona aibu.

Hapo ndipo wazo la tela lilipomjia. Miaka yote alikuwa akiwaona wastaafu wakipita barabarani na vijumba vyao vya magurudumu nyuma ya gari, wakifuata maua ya Namaqualand au joto la pwani. "Nikasema na mimi. Sitaki mume, sitaki mbwa, sitaki chungu cha pili. Nataka kuamka mahali ambapo hakuna anayeniuliza chai iko wapi."

Kuchagua kulimchukua miezi saba. Pensheni yake itakuwa randi elfu tisa kwa mwezi, na leseni yake inamruhusu kuvuta tela lisilozidi kilo mia saba na hamsini pamoja na mzigo. Jipya la kwanza aliloliona lilikuwa na bei ya nyumba. La pili lilikuwa na vitanda vinne. "Nikamuuliza muuzaji, vinne vya nani? Akasema wajukuu. Nikamwambia ndio ninaowakimbia." La tatu lilikuwa na choo ndani, karibu na mto wa kulalia. La nne alibonyeza paa kwa kidole, na kidole kikazama.

Wakati huo akawa anapima mali yake. Sahani moja, birika, blanketi mbili, jiko la gesi la moto mmoja, maji lita arobaini, kiti kimoja. Kila kitu kilipitia mizani ya duka la chakula cha mifugo. Jumla yake kilo mia na tisini.

La tano alilipata kwa Gawie Strydom, fundi mzee mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, ambaye mji mzima humwita mjomba. Lilikuwa dogo, la mviringo kama yai, rangi ya maziwa, kitanda kimoja upande wa kushoto na meza ya kukunja. Bei yake randi elfu thelathini na nne. Karatasi yake ya uzito ilikuwa ya mizani ya Rietkolk, ya wiki tatu nyuma: kilo 540, likiwa tupu.

"La nani, Mjomba?"

"La marehemu Mwalimu Ralie Esterhuyse," Gawie alimjibu. "Alizunguka nalo peke yake miaka kumi na minne. Aliniachia siku mbili tu nimbadilishie springi, halafu aende kuangalia maua. Jioni hiyo presha ikampanda, akafia hospitali. Mpwa wake ananiambia niuze, hataki hata kuliona."

Evaline alifungua mlango. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo, kwa watu wa kwetu, lingemponyoka yeyote.

Kwetu mtoto akishajua kutembea hufundishwa kwamba ukiingia mahali, usisubiri watu wainuke kukupisha. Unawahi wewe kuwaambia wakae. Neno hilo hutoka mdomoni kabla hata macho hayajazoea giza la ndani. Evaline amelisema kwenye kila mlango tangu utotoni.

"Kaa, kaa tu," alisema akikanyaga ngazi. "Usijisumbue kuinuka kwa ajili yangu."

Gawie, aliyekuwa nje na bisibisi yake, alicheka. "Anti Eva, unaongea na godoro?"

Na yeye alicheka. Siku hiyohiyo alilipa, akalifunga nyuma ya pikapu yake, akapitia kazini kulipima, maana hajawahi kuiamini karatasi ambayo hakuiandika mwenyewe. Mwenzake wa zamu, Denver Losper, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na maneno mengi, alikuwa kibandani. Walilifungua kwenye pikapu likabaki peke yake juu ya bamba.

"Mia sita," Denver alisema.

"Angalia tena. Karatasi inasema mia tano na arobaini."

"Karatasi niliiandika mimi, Anti. Naikumbuka. Lakini kioo hiki kinasema mia sita."

Walitoa droo zote. Walifungua tangi la maji, wakalikuta kavu. Waligonga kuta, maana mbao za zamani hunyonya maji, lakini Karoo haijaona mvua ya maana kwa miaka miwili. Walitoa godoro, wakalilaza mchangani. Mia sita. Walipolisogeza gurudumu moja moja, wakaona uzito wote uliozidi uko kushoto, upande wa kitanda kisicho na godoro.

Denver alitafuta mzaha, kama kawaida yake. "Umenunua tela au umeolewa tena?" Hakuna aliyecheka. Springi ya kushoto, ambayo Gawie aliiweka mpya, ilikuwa imelala.

Kwa siku tisa tela lilikaa uani kwake. Hesabu ilikuwa wazi: mia sita na mia na tisini ni mia saba na tisini. Asingeweza kulivuta kihalali. Denver alimwambia apuuze. "Nani atakupima, Anti? Mpimaji ni wewe."

"Ndiyo maana," alimjibu.

Angeweza kupunguza vitu vyake. Alijaribu. Aliondoa kiti, akaondoa blanketi moja, akaondoa maji nusu, na mkono ulipofika kwenye jiko akajikuta ameketi chini, sakafuni mwa tela. Alikuwa ameshayafanya haya. Ndiyo maisha yake yote, kuondoa chake ili mwingine apate pa kukaa. Lakini safari hii kulikuwa na jambo baya zaidi: alipokuwa ameketi pale kimya, alihisi anasubiriwa. Mtu aliyesubiri kwa adabu sana, aliyeambiwa akae, naye amekaa.

"Niliogopa," anasema. "Lakini zaidi ya kuogopa nilichoka. Nikasema, hata huyu?"

Jumapili mchana, barabara ikiwa tupu, alilirudisha tela kwenye mizani, akalifungua kutoka kwenye pikapu. Denver alikuwa kibandani na aliona yote. Evaline alifungua mlango wa tela, akashuka kwenye bamba, akasimama pembeni mbele ya ngazi, akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, "mimi ndiye niliyekwambia ukae, na nilikosea. Nimewaambia watu wakae tangu nizaliwe, mimi nikasimama. Kitanda hapa ni kimoja. Nisamehe, naomba ushuke."

Halafu springi ya kushoto ililia, taratibu, na ngazi ya chuma ikabonyea na kuinuka. Denver anaapa kwamba namba haikubadilika, iliendelea kusoma 600. Evaline alifunga mlango, akarudisha pikapu, akalifunga tela, akalivuta mpaka likatoka lote juu ya bamba.

"Inasoma ngapi?" aliuliza kutoka dirisha la pikapu.

Denver alikifuta kioo kwa kiganja. "Sitini."

Alishuka, akatazama lile bamba lisilo na kitu juani. Alilia, na hafichi. "Nilimshusha bibi wa watu barabarani. Mtu ambaye alitaka kuona maua tu. Niliiona sura ya ubaya wangu. Lakini sikufungua mlango tena."

Aliingia kibandani, akabonyeza kitufe mwenyewe. Tela lake sasa ni kilo 540, na springi imenyooka. Mizani hurudi sifuri kila asubuhi, na kila alfajiri husoma sitini tena.

Denver aliomba uhamisho, kisha akaghairi. Atachukua kibanda mwezi ujao. Katika makabidhiano, baada ya funguo na mihuri, Evaline alimwachia agizo moja: kabla hujabonyeza, msalimie.

"Na akinijibu, Anti?"

"Umwitikie. Ila usimwambie akae."

Evaline anaondoka tarehe mosi. Atakwenda magharibi, kwenye kambi ndogo ya magari karibu na mto, randi mia na kumi kwa usiku, maji ya bomba, umeme hakuna. Wiki iliyopita aliipigia simu kuweka nafasi, na mwenye kambi akamuuliza mko wangapi.

"Niligeuka," anasema. "Nikatazama nyuma yangu, kwenye chumba, kwenye ua, kwenye tela. Yule bwana akadhani simu imekatika. Anauliza, mama, upo? Mko wangapi?"

Anatazama mikono yake juu ya meza.

"Nikamwambia, mmoja."