Jiwe la Mpaka Jikoni kwa Mama

Jua halijapata nguvu bado, lakini maneno yameshaanza. Katikati ya kiwanja amesimama mwanamke mwenye buti zilizoganda tope, amekumbatia fimbo ndefu ambayo juu yake imefungwa mashine nyeupe ya duara, kama bakuli lililofunikwa. Hajaiwasha. Mwenye kiwanja ameshamuuliza mara mbili anachongoja, na mara zote mbili ameambiwa kwamba anangojwa jirani.

Mwenye kiwanja anakuja juu. Anasema mashine hii inawasiliana na setilaiti huko angani, sasa jirani anayepiga mswaki uani kwake anahusika vipi?

“Setilaiti hazijawahi kugombana na mtu, baba,” mpima ardhi anamjibu bila kugeuza shingo. “Mnaogombana ni nyinyi. Aje, mtembee mpaka wenu mbele yangu, ndipo niwashe.”

Jirani anafika, taulo begani. Wanaanzia kwenye kona ya barabarani bega kwa bega, kila mmoja akionyesha kwa mkono anapoamini mpaka unapita. Kabla hawajalifikia tangi la maji wameshaachana kiasi kwamba toroli la zege lingeweza kupita katikati yao. Hapo ndipo mpima anapobonyeza kitufe.

Huo ndio utaratibu wake, na hana simile nao. Wenzake wengi hufika, hupima, huchimbia mawe na kuondoka kabla chai haijapoa. Yeye anasema mtu akishatamka mbele ya jirani yake mahali anapodhani mpaka upo, hana tena pa kuchomokea jioni.

Mwenye kiwanja hajakata tamaa. Anatoa simu yake na kuonyesha ramani: kitone cha buluu kinachoonyesha aliposimama kiko upande wa pili wa ukuta wake, kwa hiyo anasema ukuta uko sawa. Mpima hambishii. Anaiomba na simu ya jirani, anaziweka zote mbili juu ya jiwe moja, kisha anawaita waje kusoma. Simu moja inasema wako barazani. Nyingine inasema wako katikati ya barabara.

“Haya, tuhamie wapi?” anawauliza, na hata mwenye kiwanja anacheka.

Simu, anaeleza, itakufikisha kwenye harusi hata kama mtaa huujui, lakini haijui ukuta wako uanzie wapi. Mashine yake inazisikiliza setilaiti hizo hizo. Tofauti ni kwamba kuna mashine ya pili, imesimikwa juu ya jiwe ambalo mahali pake panajulikana tangu zamani, nayo inaisahihisha hii ya mkononi kila sekunde. Kazi iliyowatoa jasho wazee waliopima kwa minyororo kwa wiki nzima sasa inakwisha kabla ya adhuhuri.

Mtaani humu hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Mbomoa Jiko. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli, na wambea walitegemea atajificha. Yeye akalipokea kavu kavu, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku la mashine, mahali ambapo kila mteja lazima alione.

Jiko lenyewe ni la mama yake mzazi.

Ni chumba cha matofali ya udongo nyuma ya nyumba, chenye dirisha dogo na kuta zilizopigwa weusi na moshi. Baba yake, fundi seremala, alifariki watoto wakiwa wadogo. Mama akakandika jiko hilo kwa mikono yake, akaanza kuwapikia vibarua wa viwandani. Ada ya shule ilitoka humo. Ada ya chuo cha upimaji ilitoka humo pia, na hata buti za kwanza za kazini. Mpima mwenyewe halifichi hilo. Anasema kila alichojifunza kuhusu mipaka kililipiwa na sufuria za mama yake.

Mwaka juzi ofisi ya ardhi iliamua kuipima upya mitaa ya zamani. Mtaa wao ukamwangukia yeye. Aliomba abadilishane na mwenzake, akakataliwa kwa kuwa watu ni wachache. Nyumbani ilikuwa shangwe tupu. Kaka yake mkubwa alipita kwa majirani akitamba kwamba safari hii familia ina mtu wake ndani, hakuna wa kuwapunja.

Alipopima kona ya nyuma, namba zilimpeleka jikoni.

Alizima mashine, akawasha, akapima tena. Aliilaumu miti, akalaumu bati. Akamwita mwenzake wa ofisini apime peke yake, bila kumwonyesha alichopata. Mwenzake alitembea na fimbo yake uani, polepole, mpaka akasimama mlangoni mwa jiko na kuvua kofia.

“Nilitamani mashine iwe mbovu,” anasema Mbomoa Jiko. “Nakwambia ukweli, niliomba iwe mbovu.”

Kosa lilikuwa la baba yake, na lilikuwa kosa la mtu mwaminifu. Alipopewa kiwanja, nyasi zilikuwa zimemeza kila kitu. Akafyeka, akakuta pini ya chuma kwenye zege, ina kitundu juu. Akajua hiyo ndiyo kona yake, akajenga nyumba kwa kuitegemea, na baadaye mama akaweka jiko kwa kufuata kona hiyo hiyo. Kumbe wapima wa zamani waliiweka ili wasimamishe chombo chao juu yake wakiangalia kona za watu wengine. Haikuwa mpaka wa mtu yeyote. Ni sawa na mtu akute kiti kilichosahauliwa na fundi, adhani ni sehemu ya nyumba.

Upande wa pili wa kosa hilo anaishi dobi. Miaka yote amefua na kuanika kwenye uchochoro mwembamba, shuka za watu zikifuta ukuta wa jiko na kurudishwa sabunini. Aliamini aliyemuuzia alimpunja. Alimlaani mtu huyo mpaka siku alipozikwa, na marehemu wa watu hakuwa na hatia.

Familia ilikaa kikao. Shangazi alilia. Kaka mtu alizungumza kwa upole, na upole wake, anasema mdogo wake, ndio uliomuudhi kuliko vyote. Kaka hakuomba mengi. Jiwe lisogezwe hatua mbili tu, mpaka nje ya ukuta. Dobi hajalalamika, mashine haina mdomo, na mama ni mmoja.

Mpima alichukua mkaa akachora sakafuni viwanja vyote vya safu ile. “Kaka, angalia. Sisi tukichukua hatua mbili, dobi anazidai kwa anayemfuata, naye anazidai kwa mwenzake. Wa mwisho ni yule mzee mwenye chumba kimoja kando ya barabara. Atazidai kwa nani? Kwa magari?”

Kaka alisema huyo mzee si ndugu yao. Kikao kikaishia hapo.

Ofisini nako alikuta mlango wa kutokea umeachwa wazi. Mkuu wake, mtu mpole asiyependa kelele, alimshauri kona hiyo aionyeshe kwenye ramani peke yake, bila kuchimbia jiwe. Hufanyika hivyo kona inapoangukia ndani ya jengo, na si kosa. Yeye alikataa. Alisema jiwe la kwenye karatasi halijawahi kumzuia mtu kujenga, na kwamba angekuwa anapima nyumba ya mgeni asiye na mtetezi, jiwe lingeshazama ardhini siku ile ile.

Kwa hiyo siku moja mchana, mtaa mzima ukichungulia juu ya uzio, aliingia jikoni kwa mama yake na mtaimbo.

Mama yake aliondoa sufuria mwenyewe. Kisha akasimama, mikono kiunoni, na kumwambia: “Hapo unapochimba ndipo nilipokuwa nakuogesha.”

Machozi yalimtoka binti, wala hakuyafuta, lakini mtaimbo hakuuacha. Alichimba mpaka chuma kikagonga kitu kigumu. Wakafukua kwa mikono. Chini ya udongo ambao mama alijazia alipokuwa akiinua sakafu lilikuwepo jiwe la kale, limelala ubavu, na namba ya kiwanja bado inasomeka. Setilaiti zilikuwa zimeonyesha pale pale.

Mtu angedhani ubishi ungekwisha. Ulizidi. Kosa la mashine lingesameheka. Ukweli wenye namba ubavuni uliwaudhi watu vibaya. Kaka yake alikata mawasiliano. Mpima akasahauliwa kwenye harusi ya binamu, ingawa mashangazi walikumbuka kumtumia ujumbe wa mchango. Mama hakumfukuza, lakini tangu siku ile hakumpakulia chakula. Binti alikuja kila Jumamosi, akasalimia, akachota maji, akafagia ua, akaondoka na njaa yake.

“Sikwenda kuomba msamaha,” anasema. “Nilikwenda kumwona mama yangu. Anipakulie, asinipakulie, ni mama yangu, na jiwe liko mahali pake.”

Alisimuliwa na dobi kilichotokea baadaye, kwa maana mama yake asingemwambia. Alasiri moja kaka mtu alikuja na mpima wa mitaani, mwenye mashine ya kuazima na sururu mpya. Mpango ulikuwa kuling'oa jiwe, kulirudisha kwenye pini ya chuma na kupiga picha kama ushahidi kwamba ofisi ilikosea. Mama alikuwa anakoroga sufuria. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akasimama juu ya jiwe.

“Mdogo wako alinikosea mbele ya watu wote,” alimwambia mwanawe. “Wewe unataka kunitetea kwa kificho. Niliona kwa macho yangu jiwe la kale likitoka chini ya miguu yangu. Unataka nife nikijua ninapikia kwenye kiwanja cha mwenzangu?”

Mpima wa mitaani aliondoka kwanza. Dobi anasema alisahau hata sururu, na kwamba inamfaa sana kuchimbia nguzo zake za kamba.

Dobi mwenyewe alijaribu kuwa mwema. Alimwendea mama na kumwambia jiko libaki tu, dada, mpaka Mungu atakapopenda. Yeye ameshazoea uchochoro. Mama alimshukuru kwa heshima zote, akakataa. Alisema hajawahi kuishi kwa kuachiwa, na kwa umri huu hana nia ya kujifunza.

Leo, upande wa pili wa ua, jiko jipya limeshafika usawa wa madirisha. Karibu nusu ya mshahara wa Mbomoa Jiko inaishia kwenye saruji na mabati. Alimtaka mama yake achague mahali, kisha akapima kabla ya tofali la kwanza, dobi akiwa amesimama upande mmoja na jirani wa kushoto upande mwingine. Fundi mwashi analalamika kwamba hajawahi kujenga jiko lenye mashahidi wengi hivyo.

Jumatatu ijayo kazi inahamia mtaa mwingine, mtaa wenye mageti makubwa na maua barazani. Nyumba ya mkuu wake imo. Mkuu ameshadokeza, kwa ule upole wake, kwamba ukuta wake wa nyuma ulijengwa zamani sana. Mbomoa Jiko amemwomba awepo nyumbani asubuhi hiyo, yeye na jirani yake, wavae viatu vya kutembelea.

“Watanihamisha, wanihamishe,” anasema. “Huko nitakakokwenda hakuna mipaka? Nimechimba jikoni kwa mama yangu. Mtu gani mwingine atanitisha na ukuta?”

Mama yake ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamsimamia fundi. Anapoulizwa kama amemsamehe binti yake, anatazama matofali kwanza.

“Kuniaibisha aliniaibisha,” anasema. “Kesi hiyo bado ninayo. Lakini kunidanganya, huyu hajanidanganya.”

Fundi anadakia, anauliza kama aanze kulivunja jiko la zamani kesho, kwa kuwa matofali yake yanaweza kufaa kwa msingi wa uzio. Mama anamkata kauli. Hakuna mtu wa kuligusa mpaka jipya liezekwe, na hata likishaezekwa, fundi akae pembeni.

“Lile nililikandika mwenyewe. Nyundo ya kwanza naipiga mimi.”

Kisha anamgeukia binti yake, aliyekuwa ameshabeba fimbo begani tayari kuondoka.

“Na wewe siku hiyo uje na njaa.”