Miguu Iliyobaki ya Jumba la Njisi

Nakumbuka siku niliyoingia na msumeno ndani ya jumba la tajiri mmoja wa mchele, kule Njisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tajiri alishakufa, watoto wake wakahamia mbali, na aliyehitaji tofali au bati alikwenda kujichukulia. Leo hata msingi huuoni. Ni migomba mitupu.

Sebuleni ulibaki ukuta wa mbao uliochorwa vibarua waliolijenga jumba lile, wamesimama safu moja, kila mmoja kimo cha mtu kamili. Watu wa kijijini hawakuwahi kukaribishwa kwenye sebule ile. Mimi, mwanangu, niliona mbao tu, tena kavu na za bure. Nikamtengenezea mama sanduku la kuvundikia kakao, upande wa rangi nikauelekeza ndani. Kipande kilichozidi nikakifanya kifuniko, rangi ikabaki juu, imejaa vumbi.

"Ndaga, mwanangu," mama akashukuru. "Baba yako angeshika msumeno huo, tungekuwa tunaokota vidole."

Siku ya nne mvua ikanyesha, ikakiosha kifuniko. Asubuhi mama aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Pale juu palikuwa na miguu ya mtu, mitupu, ina udongo. Wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa tajiri."

"Baba yangu alikuwa kibarua pale. Kidole hicho alikatwa na jembe, mama alinisimulia." Alikaa chini kwenye matope. "Alikufa nikiwa tumboni. Hakuacha hata picha. Uso wake uko wapi?"

Tulimwaga kakao yote. Maji yake yalikuwa yameila rangi, mbao zote nyeusi. Nilikwangua kwa kucha mpaka zikatoka damu.

"Basi niambie wewe uliyemwona," akasema mama. "Alikuwaje?"

Mwanangu, nilisimama mbele ya babu yangu, nikampima kwa futi, nikamkata. Sikumtazama.

Mama ameshatangulia. Kifuniko nimehama nacho miji mingi, sasa kiko ukutani kwangu Mbugani. Wewe, kabla hujabomoa kitu cha zamani, mlete mzee akitazame. Uliza, "Huyu ni nani?" Usione haya.

Kyala, Mungu wetu, akupe macho yanayotulia, na akuachie wazee wako mpaka umalize kuwauliza.