Nta Kwenye Fuvu la Kiboko Mchanga

Kabla hawajamfukuza, Hajara aliuza vibuyu vya maziwa katika soko la Mbarara, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vimepasuka. Alivinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa wafugaji wa Endiinzi. Alikwangua kingo za ufa kwa msumari ili nta ipate pa kushika, akaziba kwa nta na majivu, akapaka samli, kisha akakiweka kibuyu mbele kabisa, upande mzuri ukimtazama mnunuzi. Aliyerudi kulalamika alijibiwa, "Ulikishika mwenyewe, ukakigonga mwenyewe. Mimi nilikufunga macho?" Kwa njia hiyo alijijengea meza, kisha banda, bila mume wala mjomba.

Mwaka 1982, walipofukuzwa watu walioitwa Wanyarwanda, hakuna aliyejali kwamba Hajara alizaliwa Nyamitanga, palepale Mbarara. Jirani yake wa sokoni ndiye aliyewaonyesha vijana wa msako mlango wake. Akaishia Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, akapewa turubai na jembe. Jembe aliliuza siku hiyohiyo. Hakuja kulima. Alitaka jambo moja tu: kurudi Mbarara kwa karatasi yenye muhuri, asiweze mtu kumgusa tena.

Ukame ulipokuja, ziwa lilirudi nyuma, na kwenye korongo la ufukweni yakaanza kuchomoza mafuvu ya viboko wa kale, mifupa iliyogeuka jiwe. Haukupita muda akaja mtafiti kutoka Kampala, Dokta Naboth, mtu mwembamba asiyejua kucheka. Aliwakusanya watu mbele ya ghala la posho.

"Mafuvu makubwa ninayo ya kutosha," alisema. "Nataka dogo, la mtoto. Atakayeniletea lililo bora ndiye atakayetunza stoo yangu ya mifupa kule Ruti, Mbarara. Chumba kipo, na barua yenye muhuri ya kupita vizuizi vya wanajeshi ipo."

Kisha akaanza kueleza analitakia nini. Hajara hakusubiri. Katika maisha yake yote, mnunuzi aliyeeleza sana alikuwa anatafuta njia ya kushusha bei. Wenzake walipokuwa bado wametega masikio, yeye alikuwa keshashuka korongoni.

Alilipata siku ya tatu. Lilikuwa na pua fupi na matundu makubwa ya macho, kama uso ulioachwa kabla haujaisha. Lakini alipoliosha, aliona kila mahali mistari ya kupindapinda, mfupa huku na mfupa kule, kana kwamba limeangushwa.

"Hata mizimu ya ziwa inaniuzia mali mbovu," alisema, akachukua msumari.

Alikwangua kila ufa, akaujaza nta na majivu na udongo wa korongo, akalisugua fuvu mpaka likawa laini. Ilikuwa kazi nzuri, nzuri kuliko kibuyu chochote alichowahi kukiuza.

Dokta Naboth aliporudi, Hajara alimkuta Kezironi amemtangulia. Kezironi alikuwa askari wa kambi, mwenyeji wa Endiinzi, aliyechoka kuwalinda watu aliowachukia. Yeye alileta gunia lenye majani makavu, na ndani yake fuvu dogo lililoachana vipande.

"Wewe nyabo," Kezironi alimwambia, akiliburuta neno hilo la heshima kwa wanawake, "hii yako ulinunua duka gani?"

"Duka la baba yako. Na wewe umeleta nini, kuni?"

Dokta alilishika la Hajara kwanza. Akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Hii ni nta."

"Nimekutengenezea, Dokta. Lilikuwa limepasuka."

"Halikupasuka!" Alichukua vipande vya Kezironi, akaonyesha pale vinapokutana. "Mtoto huzaliwa mifupa ya kichwa haijashikana. Akikua inashikana, na pua inarefuka. Wenzangu wanasema mafuvu haya madogo ni ya kiboko wa aina nyingine. Mimi nasema ni watoto tu. Kosa hilo watu wamelifanya hata kwa nyangumi wa kale: mtoto akapewa jina lake, mzazi jina lake. Ushahidi wangu ni mistari hii, na wewe umeifuta."

"Nyangumi ni kitu gani, Dokta?" Kezironi akauliza.

"Mnyama wa baharini, mkubwa kuliko lori."

"Huyu mama angempaka nta mpaka mkia!"

Watu wakaangua kicheko. Hajara hakuwatazama.

"Nta inatoka," alisema. "Nileteeni maji ya moto."

"Nta itatoka. Kingo ulizokwangua zitarudi?"

Hajara akajaribu mlango mwingine. "Basi nitakuonyesha nilipolitoa. Yapo mengine. Lakini barua kwanza."

"Kezironi amelitoa lake korongo hilohilo."

"Kazi mpe yeye. Mimi nipe barua tu."

"Barua inakwenda na kazi, nyabo. Ungesikiliza siku ile."

Lori liliondoka jioni. Kezironi alikaa nyuma kando ya sanduku la mifupa, barua ikichungulia kwenye mfuko wa shati, na alipopita karibu na Hajara akapiga saluti ya dhihaka. Hajara akatema mate chini, akageuka kabla vumbi halijatulia.

Alfajiri alikuwa korongoni na kikapu. Vibarua aliowaacha dokta wangeanza kuchimba asubuhi hiyo, na sasa alijua wangetafuta nini. Kila fuvu dogo lililokuwa limechomoza alilitoa na udongo wake, mistari yote salama, akaenda kulizika mahali anapopajua yeye peke yake. Siku moja dokta angemaliza kulichunguza la Kezironi, angehitaji mengine, na hapo angekuja kwake na barua mkononi.

Vibarua walipofika na sululu zao, walimkuta ameketi juu ya jiwe, anatafuna muwa.

"Mama, mafuvu madogo yako wapi?"

"Chimbeni," Hajara aliwaambia. "Makubwa yamejaa huko chini."