Kiganja kwenye Ekzosi

Wanaume wa pale gatini walimwogopa Bi Tanuri kuliko walivyoyaogopa maji. Na hao hawakuwa watu wa kutishika ovyo. Walikuwa waendesha pikipiki za maji, watu wa kurukaruka juu ya mawimbi mpaka mashine inapaa, wenye makovu ya kila aina na meno ya bandia. Lakini mwambie mmoja wao, "Hebu pita kwa Bi Tanuri unichukulie kifaa changu," papo hapo atakumbuka ana shughuli nyingine. Jina alilipata kwa sababu ya tanuri lake la chuma, alilojiundia mwenyewe kutokana na kabati kuukuu. Lilimganda kwa sababu ya hasira zake.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi ya kauri ekzosi, yale mabomba ya kutolea moshi, na vipande vya injini za hizo pikipiki. Mashine ya mashindano hufungwa ekzosi kavu, isiyopozwa kwa maji, na ekzosi ya namna hiyo huiva ikawa nyekundu ndani ya bodi, ubavuni mwa mpira wa petroli. Rangi ya kauri ndiyo inayoufungia moto ndani. Bi Tanuri alikuwa anakichuna kifaa kwa mchanga wa kompresa mpaka chuma kinabaki kijivu na kukwaruza, anakifuta kwa spiriti, anakitundika kwenye waya, anakipulizia rangi, kisha anakioka. Toka mchanga hadi tanuri, hakuna kidole kitupu kilichoruhusiwa kugusa. Mafuta ya ngozi ya mtu hayaonekani kwa urahisi, lakini yakibaki chini ya rangi, rangi haishiki; siku chuma kikipata moto wa kweli, inabambuka.

Ndiyo maana alivaa glavu nyeupe za pamba, akazifua mwenyewe na kuzianika mbali na nguo nyingine. Aliyegusa bila glavu alikula kibao. Muuza vipuri mmoja mwenye kitambi aliwahi kupapasa kifuniko cha injini huku akikisifia. Alitoka mlangoni ameshika sikio, na sifa zake hakuzimaliza.

Mkono mwepesi aliurithi. Baba yao alikuwa mchomeleaji, mtu wa maneno machache na mkanda mpana, na katika nyumba ile Bi Tanuri na mdogo wake wa kiume hawakufundishwa kusema samahani. Walifundishwa utaratibu. Aliyekosa husimama wima, aliyekosewa humpiga mara moja, na hapo yamekwisha. Baada ya hapo mnakula sahani moja, na anayethubutu kuyafufua anapigwa na baba. Ulikuwa utaratibu wa kinyama, sikufichi, lakini baba alikufa na wao wakaendelea nao hadi wakaota mvi. Watu waliowaona wakizabana makofi asubuhi na kugawana mkate mchana walidhani wana wazimu. Hawakuwa na wazimu. Walipendana, ila hiyo ndiyo lugha waliyokuwa nayo.

Huyo mdogo wake aliitwa Kasi, na alistahili jina hilo. Wiki ile alikuwa na mashindano. Ekzosi yake ilikuwa imeshachunwa na kufutwa, inaning'inia kwenye waya ikisubiri rangi, alipoingia karakana kwa pupa, miguu ingali na maji.

"Dada, bado tu? Kitu chenyewe hiki hapa, kimeshakauka!"

Akaikamata. Kwa mkono mtupu, kiganja kizima, akaishusha kwenye waya mtu anavyoshusha shati.

Kofi lilimfikia kabla hajageuka. Kwa kawaida lingeishia hapo. Lakini Kasi siku ile alikuwa na presha ya mashindano, na shavu lilimuuma vibaya, akaitupa ekzosi mezani na kumsukuma dada yake kwa mikono miwili. Bi Tanuri akaangukia kompresa, akainuka na bomba la kupulizia mchanga mkononi, akamchapa nalo begani. Kasi akamrushia ngumi. Si kofi, ngumi, ya mdomoni. Mdomo ukapasuka, damu ikamwagika juu ya glavu nyeupe.

Wote wawili wakaacha kupigana. Kasi ndiye aliyekosa, jambo hilo lilikuwa wazi hata kwake. Zamu ilikuwa ya dada.

"Simama," Bi Tanuri akasema, damu ikimtiririka kidevuni.

Kasi akatazama chini, akatazama mlango. "Nina mazoezi," akasema, akatoka.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko mdomo. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kukimbia zamu ya mwenzake. Akabadilisha glavu, akaichukua ile ekzosi na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Alama aliiona: kiganja na vidole vitano, kivuli chembamba cha mafuta juu ya chuma. Fundi yeyote angeirudisha kwenye mchanga. Yeye mwenyewe angemfukuza mtu ambaye hangeirudisha.

Akaipulizia rangi vilevile, juu ya kiganja, akaioka. Ilitoka nyeusi, laini, nzuri ya kupendeza, na hakuna jicho ambalo lingejua. Alijiambia kwamba haitatoka karakana. Kasi atakuja kuichukua, atasimama wima, atapigwa, na ndipo atamwonyesha: hii ni mbovu, mkono wako huu, sasa kaa ungoje niichune upya mpaka ukome. Hivyo ndivyo alivyopanga, na aliamini mpango wake.

Asubuhi yake, siku ya mashindano, mdomo ulikuwa umevimba hata maji hayapiti vizuri. Akaenda zahanati kushonwa. Aliporudi alivaa glavu, akageukia waya alikoitundika ekzosi, akaukuta mtupu. Kasi alikuwa na ufunguo wake siku zote.

Alikimbia hadi gatini na nyuzi mbichi mdomoni. Watu walijaa. Mashine zilikuwa zimeshapashwa moto na kurudi kwenye mstari kando ya gati, na Kasi alikuwa amekaa juu ya yake, kofia kichwani, mikono kwenye usukani. Fundi wake wa injini alikuwa kando, maji kiunoni, sanduku la spana limewekwa kwenye ubao wa gati.

"Shuka!" Bi Tanuri alipiga kelele. "Ekzosi hiyo ina kasoro!"

Kasi akainua kioo cha kofia. "Kazi yako wewe? Kasoro? Tangu lini?" Waendeshaji wengine wakacheka. "Dada, sema tu umefuata zamu yako."

"Itakuunguza. Nakwambia shuka!"

"Kila msimu unaniambia nitaungua."

Palikuwa na maneno mawili ambayo yangemshusha. *Niliona nikaoka.* Hakuyasema, maana kuyasema mbele ya gati zima kulikuwa kumwambia mdogo wake kwamba kwa usiku mmoja alikuwa radhi aungue. Akafungua mdomo, nyuzi zikavuta, akaufumba.

Kasi akaona anasitasita, akalainika. Akavua kofia, akamgeuzia shavu. "Haya. Nilikosa. Piga yaishe, niende."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Zamu yake ile, ameletewa kwa heshima zote, mbele ya watu. Angepiga, yangekwisha, na Kasi angeondoka kwenda kuungua. Mwamuzi alikuwa ameshainua bendera.

Bi Tanuri akainama, akachomoa spana kubwa kuliko zote sandukuni, na kuishusha kwa nguvu zake zote juu ya kifundo cha mkono wa kulia wa Kasi, pale kilipokuwa kimeshika usukani. Mfupa ulisikika. Kasi akapiga ukelele na kuporomoka majini, na watu wakamrukia Bi Tanuri. Mmoja alimkaba shingo, mwingine alimpiga teke la mbavu, mwanamke mmoja alimtemea mate na kumwita mchawi. Hakujitetea. Alilala kifudifudi kwenye mbao, wamemkanyaga mgongoni, spana ingali mkononi, akimtafuta mdogo wake kwa macho.

Fundi wa injini aliona haya yote lakini akili yake ilikuwa kwenye mashine. Alitaka kumpandisha mtu mwingine. Akafungua kifuniko kukagua mafuta, na moshi ukamvamia usoni.

"Msiwashe!" akapayuka. "Mtu asiguse kitu!"

Waliokuwa karibu wakachungulia. Juu ya ekzosi nyeusi rangi ilikuwa imebambuka sehemu moja tu, na chuma kilichobaki wazi kilikuwa na umbo la kiganja na vidole vitano. Mpira wa petroli uliopita hapo ulikuwa umelainika na kuanza kutoka jasho. Waliomkanyaga Bi Tanuri wakaondoa miguu yao mmoja mmoja.

Kasi alisaidiwa kupanda gatini, mkono wa kulia ukining'inia. Aliiangalia ile alama kwa muda mrefu. Akaujua mkono wake.

"Uliiona?" akauliza.

"Niliiona."

"Kabla ya kuoka?"

"Kabla."

Bi Tanuri akajiinua kwa magoti, akasimama. Mbavu zilimchoma. Akavua glavu, sijui kwa nini, akasimama wima mbele ya mdogo wake mikono ikiwa imelegea, akamgeuzia upande wa mdomo ulioshonwa. Kasi alikuwa na mkono wa kushoto mzima, na ulikuwa mzito vilevile. Akaunyanyua kidogo. Bi Tanuri akafumba macho, na ninaapa katika maisha yake hakuwahi kutamani kitu kama alivyolitamani kofi lile.

Alisikia sauti ya Kasi ikimwambia fundi, kwa upole, "Nipeleke hospitali." Akasikia miguu yao ikienda zao juu ya mbao.

Alibaki pale na macho yamefumbwa, akingoja.