Matairi Yasiyopata Pancha

Sina imani na watu wanaouza vitu. Muuzaji akinichekea, nashika mkoba wangu vizuri. Kwa hiyo siku tuliyompeleka mama kununua kiti cha magurudumu, na kijana wa duka akatushauri tuchukue chenye matairi ya upepo kama ya baiskeli, nilimtazama mdogo wangu wa kiume, naye akanitazama. Tairi la upepo hupata pancha, pancha humrudisha mteja dukani, na katika mji huu wa Toronto hata upepo wenyewe hupewi kwenye kituo cha mafuta mpaka utumbukize sarafu. Hila tuliiona mapema.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na uhakika zaidi. Alikuwa akiendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na matairi yake yalikuwa ya mpira mtupu, hayana upepo ndani.

“Solid, dada,” akaniambia. “Yangu yanabeba mizigo ya tani kila siku na sijawahi kuona pancha. Haya ni mpaka kiama.”

Tukachukua cha mpira mtupu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, mama ndio kwanza amekuja kutoka Tanga, nyonga zake zimechoka kuliko yeye mwenyewe. Tulikaa kwenye maghorofa ya Dixon, ambako ndege hupita chini sana mpaka mtu hukata maneno, akasubiri, ndipo akamalizia. Kwenye zulia la sebuleni kile kiti kilikwenda vizuri kabisa. Mama alijisukuma mpaka jikoni na kurudi, akatuombea dua. Mdogo wangu alitembea kifua mbele wiki nzima.

Jambo moja tu mama alilitaka hapa Toronto, nalo ni darsa ya wanawake msikitini kila Alhamisi. Msikiti haukuwa mbali, tungeweza kumsukuma. Huko alipata watu wa kuzungumza nao Kiswahili chake, watu wanaojua baba alikuwa nani kabla hajafariki. Alikwenda mara chache, kisha zikaanza sababu. Kwanza baridi. Kisha kanga haijapigwa pasi. Kisha kitabu kinachosomwa darsani amekwisha kukisoma tangu utotoni. Majira ya joto yakaingia, baridi haikuweza tena kulaumiwa, na bado alikaa dirishani akiwatazama wenzake wakikatiza maegesho na mabuibui yao. Chakula akawa anakigusagusa tu. Niliogopa. Niliona tutampoteza mama akiwa amekaa mbele yetu.

Hapo ndipo shaka zangu zilipopata kazi. Nilimshuku mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa aliyekuwa akigawa kahawa darsani, kwamba amemsema mama. Nikamshuku mwalimu, kwamba amemsahihisha mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nguo niliyoipekua ilikuwa mabuibui ya watu. Nikampigia simu yule wa kahawa, nikazunguka mbuyu weee, mwisho nikamuuliza.

“Bibi wee, sisi ndio tunamuulizia mama,” akasema. “Mnamficha wapi?”

Naye sikumwamini.

Siku ya Idi tulikwenda kwa gari. Buti ilijaa masufuria, kiti kikabaki nyumbani. Msikitini walikuwa na kiti cha akiba, cha zamani, kina kutu na kitambaa kimechanika, wakatuazima. Baada ya swala mama akasema hataki gari, nimsukume. Nikamsukuma kwenye njia ya miguu, ile ya zege ambayo kila baridi hunyanyua vipande vyake, kimoja juu kimoja chini. Mama akaanza kuimba kaswida kwa sauti ndogo. Tulipofika kona akaomba tuzunguke upande wa madukani.

Nilisimama papo hapo. Mtu aliyekataa kutoka muda wote ule leo anaomba kuzungushwa? Niliinama nikakikagua kile kiti kama anayetafuta mali ya wizi. Nikabonyeza tairi kwa dole gumba. Likabonyea kidogo, likarudi.

Nyumbani nikabonyeza letu. Jiwe. Nikakishusha kiti mpaka nje, nikakikalia mwenyewe, nikamwambia mdogo wangu anisukume. Kiungo cha kwanza cha zege nilikisikia nyongani, cha pili kwenye meno. Kabla ya kufika getini nikamwomba asimame.

Upepo ndani ya tairi hujibana gurudumu linapogonga ukingo, kisha hujitanua, na pigo kubwa huishia humo humo. Mpira mtupu haubonyei vya kutosha, basi pigo hukiachia chuma, na chuma humwachia aliyekaa. Ghalani sakafu ni sawa kama sinia, foklifti inakwenda pole pole, na maboksi hayana nyonga. Barabarani ndiyo maana magari yanabeba upepo na kuvumilia pancha zake. Yule kijana wa duka hakuwa na hila yoyote, na hilo liliniudhi zaidi.

“Mama, kwa nini hukusema kinakuumiza?” nikamuuliza.

Ndege ilikuwa inapita. Akaingoja ipite.

“Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,” akasema. “Lakini dukani nilikuwepo, wanangu. Kijana aliwaonyesha kingine, nyinyi mkanichagulia hiki kigumu. Nikasema moyoni, wamechoka kunisukuma, wanataka nikae ndani. Basi nikakaa.”

Mdogo wangu alitoka kwenda roshani. Mimi nilibaki nimesimama na aibu yangu. Nilikuwa nimemshuku kila mtu, na haikunipitia akilini kwamba mama alikuwa akinishuku mimi.

Tulibadilisha matairi wiki ile ile, tukaweka ya upepo, tukamweleza tulivyokosea, tukamwapia. Akasema ametuelewa, akarudi darsani, akaanza kula. Lakini kila Alhamisi, kabla hajajitanda mtandio, huinama akabonyeza tairi la kulia kwa dole gumba, kisha la kushoto, halafu huinua macho akatutazama. Kwa hiyo kila Jumatano nikitoka kazini nachukua pampu ya mkono na kuyajaza upepo, hata kama hayajapungua.